Masega Yako Bado Yapo?

Oya mwanangu, sogea hapa. Ufuta umeuzwa, mahindi yameshapanda lori kwenda Tunduma, na kila mchizi mwenye mshiko kidogo hapa Chitete anaota kitu kimoja tu: ndinga. Pikipiki imeshakuwa ya kila mtu, haina tena mzuka. Sasa hivi ni IST nyeupe, rimu nyeusi, vioo giza, muziki mpaka watu wa Ndalambo wajue kuna mtu ameingia mjini. Na mimi nasema fresh. IST ikipaki stendi, hata yule aliyezoea kukuita dogo anaanza kukuita bosi.

Ila kabla hujatuma mpunga kwa muuzaji, nijibu kitu kimoja. Nani anaikagua?

Hapo ndipo kitaa kinagawanyika. Kuna masela wanaoamini kwa Toyota wenyewe, kule kwenye vioo, kiyoyozi na fundi mwenye ovaroli isiyo na doa. Kuna masela wa fundi wa chini ya mwembe, anakujua kwa jina, anakukopesha, anakuita "wangu". Na kuna mzee wa Peugeot 504. Huyu kila mtaa unaye. Anakuambia gari haikaguliwi, inasikilizwa. Yeye alikuwa anasikiliza 504 yake akajua kila kitu. Ukimuuliza injini ikigonga tufanyeje, anajibu: weka oili nzito. Gia zikichelewa? Oili nzito. Moshi? Oili nzito. Mzee, injini ya IST ni VVT-i, njia zake za oili ni nyembamba, inataka oili nyepesi ya 5W-30 ifike juu haraka ukiwasha asubuhi na baridi ya huku. Tulia na redio yako.

Tuanze na kwa Toyota wenyewe, maana huko ndiko watu wanakwenda kwa sifa. Toyota Tanzania makao yao ni Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kutoka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na Chitete hujahesabu bado. Piga hesabu na mimi. Kwenda na kurudi weka kilomita 1,860. IST ikitembea kilomita 15 kwa lita, hiyo ni lita 124. Petroli ukiiweka buku tatu lita, umeshachoma 372,000 na hakuna mtu aliyefungua boneti. Bado gesti, bado msosi wa Dar, bado binamu wa Mbagala atakayejua uko mjini na una gari. Ukaguzi wenyewe hujalipia.

Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa. IST hawakukuuzia wao. Ile ndinga ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ikatumika kule, ikapita mnadani, ikapanda meli mpaka bandari ya Dar. Hakuna waranti inayokusubiri kaunta. Wao wamejipanga kwa Hilux na Land Cruiser zinazotoka mpya, za mashirika, migodi na miradi. Wataipokea IST yako, sikatai, na mashine wanayo, ile Techstream ya Toyota yenyewe inayoongea na kila kompyuta ndani ya gari. Lakini unalipia bei ya mtu mwenye Land Cruiser mpya ili uambiwe bushi zimekwisha.

Lini uende sasa? Ukiwa na gari mpya ambayo waranti yake bado inaishi, nenda, usijitie ujanja, na kila sevisi igongwe muhuri. Ukipoteza ufunguo wa kisasa ule wa kubonyeza, nenda pia. Taa ya eabegi ikiwaka, hapo usimruhusu mtu wa mwembeni aguse, maana eabegi inalipuka kwa baruti halisi. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yalifungwa eabegi za Takata, zile zilizorudishwa kiwandani duniani kote kwa sababu zikilipuka zinaweza kurusha vyuma usoni kwa mtu. Ukiwa na namba ya chesisi unaweza kuulizia kama yako imo. Na ukiwa unanunua Prado ya makumi ya milioni, hiyo laki kadhaa ya ukaguzi wa maana usiionee uchungu. Zaidi ya hapo ni sifa, na sifa haizungushi krenki.

Unataka kujua kama jengo kubwa na nembo ndiyo suluhisho? Angalia zile Land Cruiser za halmashauri yetu hapa hapa makao makuu ya Momba, zenye namba SM. Magari ya serikali yamezoea kupelekwa TEMESA, wakala ulioanzishwa 2005 kwa ajili hiyo, na malalamiko kuhusu gharama zake na kuchelewesha magari yamefika mpaka bungeni. Nembo ukutani inakuambia jengo ni la nani. Haikuambii kama yule jamaa aliyelala chini ya gari yako ameangalia kweli.

Sasa mwembeni. Hapa nina mambo mengi, kaa.

Tunduma ni mji wa malori. Foleni ya kuvuka Nakonde unaijua, Scania, Howo, FAW, Freightliner, zinakwenda Zambia na Kongo usiku na mchana. Kwa hiyo mafundi wa Tunduma ni noma, lakini ni noma kwenye dizeli na breki za upepo. Mtu ameshusha gia boksi ya Howo barabarani usiku kwa tochi ya simu, huyo namvulia kofia. Ila ukimpa IST anaishika kama lori. Muulize waziwazi: kaka, wewe ni wa malori au wa vigari vidogo? Fundi wa kweli hakasiriki. Atakuambia, "Nenda kwa dogo yule pale." Na wengi wa hao madogo wamepita VETA, wana laptop na nyaya zao, hawana kelele. Ukikosa Tunduma, sogea Mbeya. Ni kama kilomita 110, kwenda na kurudi unatumia lita 15 hivi, na pale Mwanjelwa na Mafiati vigari vidogo ndiyo ugali wao.

Hatari ya mwembeni inaitwa masega. Andika jina hilo mkononi. Chini ya gari, kwenye bomba la moshi, kuna boksi. Ndani yake kuna kitu cha kauri chenye matundu mengi kama sega la nyuki, kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kusafisha moshi. Hayo madini ni ghali, na yana wanunuzi. Unaacha gari asubuhi "waangalie breki", unakwenda kula chipsi mayai, ukirudi boksi limekatwa, masega yametolewa, limechomelewa, limepakwa tope juu. Breki wameangalia pia, wamekuchaji. Wewe unamlipa mtu aliyekuibia, na unamwachia ya soda.

Utajuaje? Lala chini, angalia boksi. Kuna mstari mpya wa weldingi ambao haufanani na wa kiwandani? Gonga na kijiti. Likilia kama debe tupu, pole. Mngurumo umekuwa mzito ghafla, moshi unanuka, taa ya chekienjini imewaka, na mashine inasoma P0420? Hiyo ndiyo code yenyewe, gari inasema masega hayafanyi kazi. Inaweza kuwa yamezeeka, inaweza kuwa hayapo. Ndiyo maana ukinunua gari ya mkononi, masega ni kitu cha kwanza, kabla hata ya muziki. Na ukipeleka gari yako gereji, piga picha ya boksi mbele ya fundi. Ipige huku mnaongea mpira. Anayeelewa ataelewa.

Wizi wa pili ni wa mdomo. Fundi anakuambia, mwanangu, taimingi belti imechoka, ikikatika injini imekwenda. Anaweka sura ya msiba. Sasa sikia: injini za IST, 1NZ na 2NZ, hazina hiyo belti. Zina cheni. Akikuambia abadilishe belti ya taimingi ya IST, chukua ufunguo wako taratibu, sema simu inaita, ondoka. Harrier ya zamani yenye V6 ya 1MZ, hiyo kweli ina belti. Harrier ya silinda nne ya 2AZ ina cheni. Jua injini yako kwa jina, imeandikwa kwenye kibao ndani ya boneti. Mtu anajua namba ya jezi ya kila mchezaji wa Simba na Yanga, ila injini aliyoilipia mamilioni haijui. Huo ndio ushamba wenyewe.

Oili ya gia nayo. IST yenye gia nne za otomatiki inakunywa ATF ya T-IV. Kuna Toyota nyingine, kama Premio za kuanzia 2007, zina CVT, nayo ina oili yake peke yake. Ukichanganya, umeua gia boksi. Mzee wa 504 anasema hydrauliki ni hydrauliki, zote nyekundu. Mzee, tafadhali.

Halafu kuna hii fasheni mpya ya mashine. Siku hizi kila gereji ina bango: "Tunapima gari kwa kompyuta." Vijana wanaingia mkenge. Mashine haisemi nini kimeharibika, inasema gari imelalamika nini. Ikitoka P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Inaweza kuwa sensa ya hewa imejaa vumbi, na huku kwetu vumbi ni chakula cha kila siku. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka. Inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka. Fundi wa kubahatisha anakuuzia sensa ya oksijeni ya mtumba, code inafutwa, unalipa, unafika Mpemba taa hiyo imerudi. Fundi wa kweli anasoma code, halafu anainuka na kuanza kutafuta.

Na futa-futa hiyo ndiyo silaha ya wauzaji. Mchizi anajua unakuja saa nne, saa tatu anafuta codes zote, dashibodi inang'aa. Dawa ipo. Kuna kidude kidogo kinaitwa ELM327, unachomeka chini ya usukani, kinaongea na simu yako kwa bluetooth, na bei yake haizidi mtoko mmoja wa nyama choma na demu wako Tunduma. Fungua programu, usiangalie codes peke yake, angalia sehemu ya vipimo vilivyokamilika. Gari ikifutwa codes, vipimo vile vinaanza upya na vinasoma havijakamilika mpaka itembee kwanza. Gari ya mtu anayekuambia anaiendesha kila siku, lakini vipimo karibu vyote havijakamilika? Huenda amefuta asubuhi hiyo hiyo. Baadhi ya Toyota za zamani za Japani hazitaki kuongea na hicho kidude, hapo utahitaji mashine kubwa ya fundi.

Kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya chekienjini lazima iwake. Isipowaka kabisa, jua kuna mtu ameichomoa au ameipiga tepe nyeusi. Nimeona hiyo tepe kwa macho yangu kwenye gari iliyoandikwa "haina shida yoyote". Aibu ya mwaka.

Trafiki wana stika zao za ukaguzi za Wiki ya Nenda kwa Usalama, na ukitaka gari ya biashara, LATRA nao watataka uthibitisho kwamba imekaguliwa. Sawa, fuata. Lakini stika inaangalia usiue watu barabarani, haikuambii kama injini inakula oili. Wenzetu wa Nakonde, upande wa Zambia, hata gari binafsi inapimwa kila mwaka na RTSA, wakala wao wa usafiri wa barabarani. Uingereza wana kitu wanaita MOT, walianza 1960, gari inapimwa kwa orodha moja, iwe kwa wakala mkubwa au gereji ya mtaani yenye leseni, na serikali imeweka bei ya juu kabisa isiyovukwa, pauni 54.85. Hiyo ndiyo naipenda: kule haijalishi jengo, orodha ni ile ile. Huku kwetu unapokagua gari ya kununua, orodha hiyo hakuna anayekupa. Itengeneze mwenyewe.

Na nguzo ya orodha yangu ni moja, nitaisema mpaka mchoke: anayekagua asiwe anayetengeneza. Hilo tu. Ugomvi wa kwa Toyota wenyewe na mwembeni unapotea hapo hapo. Yeyote anayekula kwenye ugonjwa atauona ugonjwa, awe na ovaroli nyeupe au ndala. Kwa hiyo unamfuata fundi, unamwambia: kaka, nakulipa kukagua tu, pesa yako hii hapa, nikitengeneza natengeneza kwingine. Angalia sura yake. Anayekubali na kushika tochi, huyo ni wako. Anayeanza "aa, kukagua ni bure, tutaelewana kwenye spea", huyo ameshakupangia bajeti. Bure yake ndiyo ghali kuliko Dar. Hata muuzaji akikuambia ana fundi wake wa kukagua, asante, abaki naye.

Hiyo pesa ya ukaguzi kwa vijana wengi ni mtihani. Mtu anatoa milioni kumi na kitu kwa gari, halafu anashindwa kutoa msimbazi kadhaa kwa macho ya mtu mwenye akili. Ila rimu nyeusi amenunua. Rimu, mwanangu, juu ya taili iliyokufa! Soma ubavuni mwa taili, kuna tarakimu nne za mwisho baada ya DOT. Ikiandikwa 2314, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ina mashavu, ina rangi nzuri, imepakwa dawa ya kung'arisha, na ni mzee mwenzake na yule wa 504.

Hapa kwenye breki sitanii hata kidogo. Ndinga ya Chitete haiishi Chitete. Itakwenda Mbeya, itapanda Senjele, itashuka ule mteremko wa Iwambi kuingia Mbalizi, mbele lori, nyuma lori. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo. Ukishuka umekanyaga muda mrefu, breki zinachemka, ule unyevu unageuka mvuke, na pedali inaingia mpaka chini bila kitu. Kama hujui yalibadilishwa lini, badilisha leo, na baada ya hapo kila miaka miwili. DOT 3, chupa ndogo, hata dukani kwa spea za bodaboda huenda ukaipata. Nimezika mshkaji kwa sababu ya breki. Sina mchezo na hilo na sitaki uwe nao.

Kwa barabara zetu ongeza haya: raba za CV joint chini, zikipasuka vumbi linaingia na utaanza kusikia kak-kak-kak ukikata kona. Stabilaiza linki na bushi, fundi akiweka nondo kati na kutikisa, akuonyeshe kwa macho yako kwamba inacheza, asikuambie tu. Filta ya hewa, itoe, iangalie ukiielekeza juani. Shimo lazima liwepo gerejini. Fundi anayekagua gari akiwa amesimama wima amekagua rangi. Na chochote kibaya akiandike, hata kwa WhatsApp, na picha. Baadaye ukitengeneza, spea ya zamani unarudi nayo nyumbani hata kama inanuka. Bibi atauliza takataka hizi za nini, mwache aulize.

Karatasi ya mnada wa Japani nayo iulizie, kama gari imeingia karibuni. Daraja likiwa 4 au 4.5, safi. Likiwa R au RA, iliwahi kupata ajali ikatengenezwa. Si lazima uikatae, ila bei ishuke, na kilomita zilizoandikwa pale linganisha na za kwenye dashibodi. Zikiwa nyingi kwenye karatasi kuliko kwenye gari, acha maneno, ondoka tu.

Siku ya kwenda kuiona, mpange muuzaji usiku wake: asubuhi asiiwashe mpaka mfike wewe na fundi wako. Injini ya baridi ndiyo inayosema kweli, moshi, mlio wa cheni, silensa inayotetemeka. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie mnarudi kesho saa kumi na mbili, na fundi mlipe nauli yake ya leo.